Brett Favre 2008: hivi jamaa alitaka kurudi uwanjani au alitaka kuachiwa tu?

Jibini wa Milwaukee (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Juzi kwenye uzi wa Tom Brady nilibishana na jamaa mmoja wa Minneapolis mpaka tukaambiwa tunaharibu mada ya watu, sasa nimefungua huu tumalizane hapa hapa. Mada ni Brett Favre na ile Julai ya 2008.

Kwa wasiomjua, Favre alikuwa kwotabeki wa Green Bay Packers miaka 16, kwenye mpira wa Kimarekani, ligi ya NFL. Alianza mechi yake ya kwanza Septemba 1992 na toka hapo hakukosa hata moja, kidole gumba kimevunjika anacheza, baba yake kafariki Jumapili na Jumatatu usiku yuko Oakland anarusha yadi 399 na tachidauni 4 (yaani kufikisha mpira eneo la mwisho, kama goli) watu wanalia majumbani kwao. MVP, mchezaji bora wa ligi, mara 3 mfululizo 1995 mpaka 1997, ile ya mwisho akagawana na Barry Sanders. Super Bowl, fainali ya ubingwa, ya Januari 1997 akachukua. Halafu Green Bay ni kamji tu, watu laki moja na kidogo, na timu haina tajiri, ni ya wanahisa, watu wamenunua hisa ambazo hazilipi gawio hata senti tano na wanazitundika ukutani kama cheti cha ndoa. Kwa hiyo Favre pale kila nyumba ilimhesabu mtoto wao.

Machi 2008 akaita waandishi, akalia mbele ya kamera mpaka tukalia naye, akatundika daluga. Julai anataka kucheza. Hapo ndipo vita ilipoanza.

Msimamo wangu ni huu, watu wanasimulia kama alinyimwa kazi yake. Someni barua. Julai 11 hakuandika nirudisheni, aliandika niachieni, tena bila masharti, niende ninapotaka. Kuna mtu anabisha hodi arudi nyumbani na kuna mtu anabisha hodi kuja kuchukua talaka yake, wote wamesimama mlango ule ule. Na kila mtu Wisconsin alijua anakotaka kwenda ni Minnesota, kwa mahasimu wetu Vikings.

Msee wa Minneapolis

😂😂 nilijua tu utafungua uzi wako wa kulilia. Boss umeanzia stori katikati. Anza 2005, wakati Favre bado ana moto, Packers wanachukua Aaron Rodgers, kwotabeki kijana, raundi ya kwanza ya drafti (timu zinapochagua vijana wapya), namba 24. Sawa, hiyo ni biashara. 2007 Favre anaomba wamletee Randy Moss kutoka Oakland, alikuwa anauzwa bei ya kutupa, Ted Thompson yule meneja wao amelala, Moss anaenda New England anadaka tachidauni 23 msimu ule ule, rekodi ya ligi. Favre anameza. Anacheza na watoto aliopewa, wanashinda mechi 13.

Halafu msimu unaisha, mzee wa miaka 38 mwili wote unauma, wiki chache tu baadaye wanataka jibu, unacheza au huchezi? Obvious atasema nimechoka. Mimi nikitoka shift ya usiku Januari hapa Minnesota ukiniuliza kama nitaendelea kuishi Marekani nitakuambia nakata tiketi ya Eldoret kesho. Hiyo si kustaafu, hiyo ni uchovu.

Mama Rahma Tabata

Mimi huo mpira wenu wa kofia siujui ila hii ya kustaafu na kurudi naijua vizuri sana. Ofisini kwetu tulikuwa na bosi, jina siweki, alistaafu tukamchangia. Tulipika pilau, tukamnunulia jokofu, kubwa la milango miwili, MC akaitwa, mimi ndiye niliyesoma risala nikalia katikati ya risala. Mwezi wa tatu tunafika asubuhi mzee kakaa kwenye kiti, eti kaombwa asaidie kidogo kwa mkataba. Yule aliyepandishwa nafasi yake akarudi kukaa na sisi kwenye meza ya printa. Jokofu halikurudi.

Kwa hiyo huyo Rodgers nani alimfikiria?

Jibini wa Milwaukee

Mama Rahma shikamoo, umelenga pale pale. Rodgers alisugua benchi miaka 3. Favre alipoaga wakampa kijana timu, wakajenga mazoezi ya masika kwa ajili yake, Aprili kwenye drafti wakachukua makwotabeki wengine wawili, Brian Brohm na Matt Flynn, wakae nyuma yake. Yaani nyumba ilishapangwa upya, vitanda vimehamishwa.

Na Msee unasema uchovu. Mwishoni mwa Machi ule ule, wiki kadhaa tu baada ya machozi, alishaanza kugeuka, kocha McCarthy na Thompson wakajipanga kupanda ndege kwenda kwake Mississippi, halafu akapiga simu akasema basi, nimebaki na uamuzi wangu. Mara ya pili hiyo. Ukishampigia mtu simu mara mbili kumwambia humtaki, mara ya tatu akute umeolewa, alaumiwe nani?

Mimi mwaka huo nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nina miaka 2 tu Marekani, mpira wenyewe nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa namuogesha. Alikuwa na hisa yake ukutani kwenye fremu na saa ya ukutani yenye sura ya Favre, jezi namba 4, mishale inatoka puani. Ile siku ya Januari 20, fainali ya NFC (mshindi anaenda Super Bowl) dhidi ya Giants, uwanja wetu Lambeau Field ulikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kocha wa Giants Tom Coughlin mashavu yameiva kama nyanya, mimi na mzee tumekaa chumbani heater imewashwa mpaka mwisho na bado tunasikia baridi kwa kuwaangalia tu. 20 kwa 20, muda wa nyongeza, Packers ndio wana mpira, Favre anarusha, Corey Webster wa Giants anadaka. Lawrence Tynes wao anapiga teke la yadi 47, kwisha. Mzee hakusema kitu, alinyoosha mkono tu nimpe maji.

Julai habari zilipotoka kuwa anataka aachiwe, nilimkuta asubuhi anaiangalia ile saa. Akaniambia toa betri.

Kijiko cha Chai

Wakuu samahani wa nyuma kabisa mimi. Kwotabeki ndiyo nani, straika? Na kama mtu kastaafu si mkataba umekwisha, anazuiwaje kwenda timu nyingine?

Daluga Kuukuu

Kijiko, kwotabeki ndiye anayeanza na mpira mkononi karibu kila shambulizi, anapanga nani akimbilie wapi halafu anarusha au anampa mwenzake. Chukua namba 10 umchanganye na kocha, halafu weka majitu manne ya kilo 130 yanayotaka kumvunja mbavu kila sekunde 3. Hakuna nafasi kama hiyo kwenye mpira wetu. Timu inaweza kuwa nzuri kila kona, kama huyo hana akili mmekwisha.

La pili ndilo tamu. Kule ukistaafu mkataba haufi, unalala. Unawekwa kwenye orodha ya wastaafu, timu hailipi na wewe huchezi, lakini haki zako zinabaki kwao. Ukitaka kuamka unamwandikia Kamishna wa ligi, akikurudisha timu ina njia tatu tu, ikutumie, ikubadilishe na timu nyingine, au ikufungulie mlango uende bure. Favre alikuwa bado na mkataba na mshahara wa msimu ule ulikuwa kama dola milioni 12. Kwa hiyo kumuachia bure ni kumpa Minnesota silaha kwa mikono yako mwenyewe.

Ukitaka mfano wa nyumbani mkumbuke Fei Toto, Desemba 2022 kawaaga Yanga, kalipa hela za kuvunja mkataba anasema mimi huru, TFF ikasema wewe bado wa Yanga, ikavutana miezi mpaka Juni 2023 akauzwa Azam. Kuaga sio kuachwa. Tofauti ni kwamba Fei alikuwa kijana anaanza maisha, huyu alikuwa mzee kashajaza kabati.

Msee wa Minneapolis

Daluga umeeleza poa lakini umeruka kitu. Timu ina njia tatu, na Packers hawakutaka hata moja! Walimwambia njoo lakini kiti ni cha Rodgers, wewe utakaa nyuma. MVP mara 3 akae nyuma?? Halafu wakakimbia kwa Kamishna kushtaki eti Vikings wanaongea naye kichinichini, ligi ikachunguza haikukuta kosa. Halafu ikavuja kwamba wanataka kumpa mkataba wa matangazo, mamilioni ya dola, abaki nyumbani. Yaani wanamlipa ASICHEZE. Jibini nieleze hiyo, klabu iliyo na haki inalipa mtu akae kwake?

Jibini wa Milwaukee

Hiyo ya hela nakubali ilikuwa aibu. Ilinuka na ingenuka hata kama nia ilikuwa nzuri. Sitetei.

Ila kuhusu kiti. Jumapili Agosti 3 kulikuwa na usiku wa familia Lambeau, watu wanajaza uwanja kuangalia mazoezi, na jioni hiyo hiyo ndege ya Favre inatua Green Bay, watu wamejipanga kwenye uzio wa uwanja wa ndege kwenye mvua wanapunga. Kule uwanjani Rodgers anarusha mpira ukianguka anazomewa. Na watu wa kwake! Kijana wa miaka 24, hajaanza hata mechi moja ya ligi. Kesho yake Kamishna Goodell akamrudisha Favre rasmi, akaingia ofisini kwa McCarthy wakakaa karibu masaa 6. Masaa 6 wakuu, hiyo ni safari ya Dar Morogoro kwenda na kurudi. Kocha alipotoka akasema kwa ufupi kwamba jamaa kichwa chake hakipo tayari kuichezea timu hii, kila wakijaribu kuongea mpira anarudi kwenye yale yaliyopita.

Hapo ndipo ninaposema hakutaka kurudi. Mtu anayetaka kazi yake angesema nipeni kofia, nitamuondoa huyu dogo kwenye mazoezi ndani ya wiki mbili, na pengine angemuondoa kweli. Yeye alikuja kudai aombwe msamaha.

Mama Rahma Tabata

Masaa sita wanaume wawili wanaongea wamekosana, hiyo ni ndoa.

Msee wa Minneapolis

Mama Rahma 😂😂😂

Jibini, ukishavunjwa moyo unaongea yaliyopita, uko normal. Anyway wakamtupa Jets usiku wa Agosti 6, New York, mbali kabisa, kwa chaguo moja la drafti ambalo mwishowe lilikuwa raundi ya tatu. Mtu aliyewachezea miaka 16! Na kwenye mkataba wakaweka sumu, Jets wakimpeleka Vikings wailipe Green Bay machaguo MATATU ya raundi ya kwanza. Ndio ujue walikuwa wanaogopa nini. Kama amezeeka mbona unaweka kufuli kubwa hivyo?

Binti wa Mombasa aliye Jersey

Nyinyi wawili mwapigania mume, sisi tulioletewa hakuna atuulizaye. Mimi naishi New Jersey, mume wangu mshabiki wa Jets tangu zamani, ni mgonjwa wa moyo kwa ajili yao nadhani. Favre alitambulishwa Cleveland kwa sababu timu ilikuwa huko kwa mechi ya majaribio, hata nguo za kubadili sijui kama alikuwa nazo. Watu huku wamenunua jezi wamepanga foleni, na kumpa nafasi Jets wakamfukuza Chad Pennington papo hapo, kijana wa watu mpole, bega limepasuliwa mara mbili, hana neno na mtu.

Basi ngojeni. Tukaanza vizuri, ushindi 7 vipigo 3, tukaenda Tennessee kwa timu ambayo haijafungwa hata mara moja, 10 bila, tukaipiga 34 kwa 13. Mume wangu akaanza kuuliza bei za hoteli za Tampa kwa ajili ya Super Bowl. Kisha mkono wa Favre ukaharibika, msuli wa juu ya kiwiko, mechi 5 za mwisho karusha tachidauni 2 na kudakwa na wapinzani mara 9. Tukapoteza 4 kati ya 5. Ya mwisho kabisa, Desemba 28, nyumbani kwetu, nani aja? Pennington, na Miami, timu iliyoshinda mechi MOJA mwaka uliotangulia. Akatupiga 24 kwa 17 akachukua ubingwa wa kundi mbele ya macho yetu. Alikuwa hata hashangilii sana. Hilo ndilo lililoniuma.

Februari Favre akastaafu tena. Tukamfungulia mlango Aprili. Agosti 18, 2009 huyoo, Minnesota. Sisi tulikuwa daraja tu, alivukia juu yetu.

Daluga Kuukuu

Hii ya Pennington sikuwahi kuifikiria. Pole dada.

Kijiko cha Chai

Kwa hiyo yule mama wa Tabata alikuwa sahihi, jokofu halirudi.

Msee wa Minneapolis

Sasa tufike kwangu. 2009 ndio mwaka bora wa maisha yangu hapa Marekani, sitanii. Mechi ya tatu dhidi ya 49ers, zimebaki sekunde 2, Favre anakimbia kulia anarusha mpaka nyuma kabisa ya eneo la mwisho, Greg Lewis anadaka vidole vya miguu vikiwa ndani kwa nusu inchi, 27 kwa 24, nilimkumbatia mzungu nisiyemjua kwenye baa akanimwagia bia. Oktoba 5 Packers wanakuja uwanjani kwetu Metrodome, Rodgers analazwa chini mara 8, 30 kwa 23, Favre anakuwa wa kwanza kuwahi kuzifunga timu zote 32. Siku 5 baadaye anatimiza miaka 40. Novemba 1 anarudi Lambeau kwenyewe, watu elfu sabini wanamzomea tangu anatoka kwenye handaki, anawapa tachidauni 4, 38 kwa 26. Msimu mzima tachidauni 33 kudakwa 7, hajawahi kurusha kwa usafi vile hata akiwa kijana.

Kwa hiyo Jibini, alikuwa amekwisha?

Jibini wa Milwaukee

Wapi nimesema amekwisha? Usinilishe maneno. Nimesema hakuwa wetu tena.

Ile ya Novemba 1 mzee wangu aliangalia sauti ameizima kabisa. Nikamuuliza vipi babu, akasema kelele za kumzomea hataki kuzisikia, na za kumshangilia pia hataki. Tukakaa masaa matatu tunaangalia midomo ya watu inafunguka.

Na mbona umeishia Novemba? Endelea Januari. New Orleans. Nakusubiri.

Msee wa Minneapolis

Chapa nyingine hizo wewe.

Jibini wa Milwaukee

Basi naendelea mimi. Januari 24, 2010, Superdome, fainali ya NFC, 28 kwa 28, Vikings wamefika karibu kabisa wapige teke la ushindi. Wanatoka kwenye mapumziko na watu 12 badala ya 11 (Kijiko, hiyo ni adhabu, wanarudishwa yadi 5), sasa teke limekuwa refu. Favre anakimbilia kulia, mbele yake kuna uwazi wa kukimbia hata yadi chache, akaamua kurusha kushoto akiwa kwenye mwendo, kinyume na mwili wake. Tracy Porter kadaka. Muda wa nyongeza Saints wa New Orleans wanapiga teke, 31 kwa 28. Miaka miwili na siku nne baada ya Giants, mtu yule yule, pasi ile ile.

Msee wa Minneapolis

Alikuwa na kifundo cha mguu kimevimba kama embe! Walimpiga siku nzima mpaka baada ya kushatoa mpira, na 2012 ligi yenyewe ikasema Saints walikuwa na mfuko wa kulipana hela kwa kuumiza watu, kocha Sean Payton akafungiwa mwaka mzima. Na sisi tulidondosha mpira mara ngapi siku ile. Mlaumu Favre peke yake kama unaweza lala.

Lakini ndio, angekimbia. Nimeshaiota. Kwenye ndoto anakimbia.

Daluga Kuukuu

Heshima Msee, hapo umeongea kiume.

Mimi nauliza kitu kingine, nyie mnaona 2010 ya nini? Wenzake watatu wakapanda ndege kwenda Mississippi kumbembeleza, akakubali, akaja kuumia bega, Desemba 13 ule mfululizo wa mechi 297 ukakatika, na hata paa la uwanja wenu lilikuwa limeshaanguka kwa theluji siku moja kabla. Miezi 2 baadaye Rodgers anabeba Super Bowl, 31 kwa 25 dhidi ya Steelers. Ile dhambi ya 2008 kwa upande wa Packers ikageuka akili siku hiyo hiyo, lakini mngemuuliza mtu Desemba 2008, Packers ikiwa na ushindi 6 na vipigo 10, Thompson asingeweza kununua mkate Green Bay bila kutukanwa.

Jibini wa Milwaukee

Kwenye hayo matusi hata mimi nilikuwemo. Nilimtukana Thompson kwa Kiswahili mzee akawa ananiuliza maana yake, namwambia nasali.

Binti wa Mombasa aliye Jersey

Na msisahau mwisho wake. Huyo huyo Rodgers, Green Bay wakamchukulia mrithi 2020, akanuna, akasema nastaafu sistaafu, Aprili 2023 wakamleta wapi? Kwetu. Septemba 11, mechi ya kwanza, shambulizi la nne tu, mshipa wa kisigino pu. Mume wangu alizima TV akaenda kuosha gari, saa tatu usiku, kwa taa ya simu. Sisi ndio mahali Green Bay hutupa makwotabeki wake.

Kijiko cha Chai

Mkuu Jibini, na Favre walipatana na Green Bay au mpaka leo?

Jibini wa Milwaukee

Walipatana. Julai 2015 wakaistaafisha namba 4, Lambeau ilijaa watu kuangalia sherehe kwenye skrini tu, alipotoka uwanjani kuwasalimia walimshangilia mpaka akashindwa kuongea. 2016 akaingia Hall of Fame, ukumbi wa magwiji. (Mambo yake mengine ya nje ya uwanja yana uzi wake, humu tusiyalete.) Rodgers ndiye aliyesaidia kuvunja ukimya, walipanda jukwaa pamoja kwenye tuzo za NFL 2013 wakapeana mikono na kutaniana.

Mzee wangu hakuifikia 2015. Binti yake aliniita nichukue kitu kimoja chumbani, nikachukua ile saa. Iko jikoni kwangu, nimeitia betri, inachelewa kama dakika 4 hivi na sijawahi kuirekebisha, watoto wameshazoea wanajumlisha wenyewe.

Msee wa Minneapolis

Natoa dola 40. Ya Favre na mishale puani siachi.

Jibini wa Milwaukee

Haiuzwi.

Msee wa Minneapolis

60 na nakuja kuichukua mwenyewe, masaa 5 tu kwa gari.

Jibini wa Milwaukee

Njoo ule ugali uiangalie, uondoke. Naingia shift saa 12 asubuhi, usiku mwema wakuu.